Nani Atamchora Shing'weng'we?

Nataka tuzungumze habari ya vitabu vya picha. Vile vya chekechea vyenye ndizi na kikombe nawaachia walimu wa watoto. Mimi nasemea kitabu ambacho mchoraji ameshika riwaya kubwa, au hoja nzito ya mwanafalsafa, akaieleza kwa michoro kuanzia jalada hadi jalada, na mtu mzima akisoma anafunga kitabu akiwa na jambo la kuwaza mpaka kesho yake.

Nchi nyingine walianza zamani. Mwaka 1967 huko India, mtu anayeitwa Anant Pai alianzisha mfululizo wa vitabu vya katuni uitwao Amar Chitra Katha. Inasimuliwa kwamba alikuwa akitazama shindano la maswali kwenye televisheni mjini Delhi, akawaona vijana wa Kihindi wakijibu barabara maswali ya miungu ya Wagiriki, lakini walipoulizwa mama yake Rama, wa hadithi zao wenyewe, ni nani, kimya. Jambo hilo lilimuuma. Akaanza kuchapisha Ramayana, Mahabharata, visa vya wafalme na watawa, vyote kwa picha na kwa bei ambayo mzazi wa kawaida anaimudu. Mexico nako, mwaka 1972, mchora katuni Eduardo del Río, anayejulikana zaidi kama Rius, alitoa kitabu kizima cha michoro kuhusu fikra za Karl Marx, kikatafsiriwa nchi nyingi na kuzaa mtindo mpya wa vitabu. Taiwan, katika miaka ya 1980, Tsai Chih Chung akamchora Zhuangzi, mwanafalsafa wa China aliyeishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na watu ambao wasingethubutu kugusa maandishi yale ya kale wakayasoma kama wanavyosoma gazeti.

Marekani walitangulia kuliko hao wote. Mfululizo wao wa riwaya maarufu kwa katuni ulianza 1941 na kudumu karibu miaka 30. Lakini walimu wa huko walikuwa na manung'uniko ambayo tuyaweke akilini: wanafunzi walikuwa wakisoma katuni kisha wanaandika insha kana kwamba wamesoma riwaya yenyewe. Na ukitazama baadhi ya vitabu vile unaona sababu ya manung'uniko. Mchoraji alibakiza mapigano, meli inazama, farasi wanakimbia, halafu yale mawazo ya mwandishi, yaliyokifanya kitabu kiitwe kikubwa, yakaachwa njiani. Nitalirudia jambo hilo baadaye, maana ndilo linaloamua kama kitabu cha namna hii kina thamani au hakina.

Sasa tuje nyumbani, huku Shinyanga na Geita. Wapo watakaosema haya ni mambo ya wageni, kwamba mchimbaji wa Nyarugusu au mkulima wa pamba wa Kishapu ana shida zake, falsafa kwa picha ataitakia nini? Kwa hao nina jibu moja, nalo liko kwenye kuta.

Usukumani kulikuwa na chama cha wacheza nyoka, Bayeye. Wengi wenu mmewaona wakicheza na chatu kwenye ngoma. Hiyo ndiyo sehemu ya hadharani. Nyuma yake kulikuwa na nyumba za kufundishia wanachama wapya, na ndani ya nyumba zile kuta zilichorwa kwa rangi za udongo: watu, nyoka, wanyama, viumbe wa hadithi. Asiye mwanachama hakuingia. Aliyeingia alikuta picha zile zina mafundisho yake, na mafundisho hayo alipewa na wakubwa wa chama. Hans Cory, mtu wa Austria aliyekuwa mtafiti wa mila wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika na aliyeishi miaka mingi kwetu huku Kanda ya Ziwa, aliziandikia kitabu kilichochapishwa London mwaka 1953, kitabu cha michoro ya ukutani ya wacheza nyoka. Karatasi zake nyingine zimehifadhiwa kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Fikirini kidogo maana ya jambo hilo. Bila mashine ya kuchapa, babu zetu walikuwa wameshaelewa kwamba fundisho gumu lisilokaa kichwani kwa maneno matupu hukaa likichorwa. Na hawakuwachorea watoto. Waliwachorea watu wazima, watu walioshika nyoka mwenye sumu kwa mikono yao. Kwa hiyo anayesema picha ni za watoto hazungumzii utamaduni wa Usukuma. Anazungumzia shule, na shule ndiyo iliyotuzoesha kwamba ukipanda darasa picha zinapungua, na ukifika chuo kikuu zimekwisha.

Kulikuwa na kipindi kingine ambacho picha zilitufaa sana. Kati ya 1968 na 1972 Kanda ya Ziwa ilikuwa na mradi mkubwa wa majaribio wa elimu ya watu wazima, wa serikali kwa kushirikiana na UNESCO, makao yake Mwanza, na Shinyanga ilikuwamo. Vitabu vya kwanza vya kusomea vilitungwa kufuata kazi ya mtu: mkulima wa pamba alisoma cha pamba, mfugaji cha ng'ombe, mvuvi cha samaki. Picha kwanza, halafu neno, halafu sentensi. Mwaka 1974 likafuata gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, nalo likitoka Mwanza. Kazi ile ilizaa matunda, na mimi naiheshimu. Mwaka 1967 kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima wa nchi hii walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Mtihani wa taifa wa 1975 ulionyesha kwamba waliokuwa hawajui wameshuka hadi asilimia 39. Bibi zetu wengi waliosaini majina yao badala ya kuweka dole gumba walijifunza hapo.

Na vijana wa mjini walikuwa na picha zao. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 gazeti la Uhuru lilikuwa na katuni ya Chakubanga, kazi ya Christian Gregory. Kisha likaja jarida la Sani, na kalamu ya marehemu Philip Ndunguru, na wahusika kama Ndumilakuwili na Lodi Lofa wakazunguka nchi nzima kwenye mabasi na malori. Nimewahi kuona nakala ya jarida la katuni pale kwenye karasha, machimboni Geita, imechakaa mpaka pembe zimekuwa laini kama kitambaa. Watu wanasubiri zamu ya kusaga mawe yao, na zamu inaweza kukesha. Kijana mmoja alikuwa anasoma kwa sauti, kidole kinatembea kutoka kiboksi hadi kiboksi, na wenzake wanne wameinama juu ya bega lake, wawili kati yao bila shaka hawakujua kusoma. Vumbi la mawe limewafunika wote rangi moja. Kidole kikifika kwenye picha ya mwisho, mmoja anasema, hebu rudi nyuma, huyu alisemaje? Msomaji anarudi. Wanaanza kubishana kama yule jamaa wa kwenye katuni alikuwa na haki au hakuwa nayo.

Ule ubishi ndio ninaoutaka. Watu wale walikuwa wanafanya falsafa bila mtu kuwaambia kwamba hiyo ni falsafa: nani ana haki, deni linalipwaje, rafiki ni nani, mtu akipata dhahabu usiku anawajibika vipi kwa aliyemshikia tochi. Mambo hayo machimboni si nadharia. Mwenye eneo ana fungu lake, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, ana fungu lake, wachimbaji wanagawana mifuko iliyobaki, na kila mgawo ni kesi ya haki inayohukumiwa papo hapo. Wanafalsafa wa Athens walibishana juu ya kitu hicho hicho.

Lakini tazameni picha tunazowapelekea leo watu wenye akili ya namna hiyo. Bango la kunawa mikono. Kijitabu cha UKIMWI. Kijitabu cha zebaki, mtu amevaa glavu na barakoa, chini yake amri. Sizidharau kazi hizo. Zebaki inaua taratibu na lazima isemwe. Ila nimekaa nikazitazama moja baada ya nyingine, na karibu zote zinamwagiza mtu. Fanya hivi, usifanye vile. Mchimbaji anachorwa akiwa mjinga katika kiboksi cha kwanza, anakutana na mtaalamu katika cha pili, katika cha mwisho ameerevuka na anatabasamu. Hakuna anayemuuliza anaonaje. Na mtu aliyezoea picha za kumwagiza tu huanza kuzipita bila kuzitazama, hata siku zinapokuwa na jambo la kumwokoa.

Kwa hiyo maneno yangu ya leo kwa kifupi ni haya: ukanda huu unahitaji picha zinazouliza, na hazina za kutengenezea picha hizo tunazo hapa hapa.

Nianze na kitabu kilichopo tayari kwa Kiswahili, ili msiseme nazungumza ndoto. Kinaitwa Mwana Mdogo wa Mfalme, kazi ya Mfaransa Antoine de Saint-Exupéry iliyotoka 1943, michoro ameichora mwenyewe. Kwa Kiswahili kimetafsiriwa na Philipp Kruse na Walter Bgoya, na kuchapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Kwenye kurasa za mwanzo kabisa kuna mchoro ambao kila aliyesoma anaukumbuka. Msimulizi akiwa mtoto alichora kitu, akawaonyesha watu wazima, nao wakaona kofia. Kumbe alikuwa amechora chatu aliyemeza tembo. Ikabidi achore tena, safari hii tumbo la chatu likiwa wazi, ili wakubwa waone tembo aliyesimama ndani.

Mpelekee mtu wa Usukuma mchoro huo. Chatu tunamjua. Tumemwona anachezeshwa, tumemwona amemeza mbuzi na kulala porini hawezi kujivuta. Mzee wa hapa hatahitaji profesa amweleze kwamba umbo la nje linaweza kuficha kitu kikubwa kilichomezwa ndani. Ninavyoona mimi, kitabu kile cha Mfaransa kingeeleweka Kishapu upesi kuliko Paris, na inanisikitisha kwamba hapa mikoani kukipata dukani ni kazi.

Jambo la kurekebisha michoro ili ifanane na msomaji nalo si geni. Mwaka 1940 ilitoka London tafsiri ya Kiswahili ya kitabu maarufu cha Lewis Carroll, ikiitwa Elisi katika Nchi ya Ajabu, na humo Elisi alichorwa upya kama msichana wa Kiafrika. Watu wa wakati ule, pamoja na ukoloni wao, waliona kwamba tafsiri ya maneno bila tafsiri ya picha ni nusu ya kazi.

Hapa lazima nitoe tahadhari, kwa sababu picha ina nguvu na kila mwenye nguvu ana wanaomwinda. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, Fortunatus Kawegere alitoa tafsiri yake ya riwaya ya George Orwell, akaiita Shamba la Wanyama. Wengi mliisoma. Pengine hamjui kwamba miaka kama 17 kabla ya hapo, idara ya propaganda ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza ilikuwa imeigeuza riwaya hiyo kuwa katuni za magazetini, zikasambazwa ng'ambo kama silaha ya vita baridi. Na mwaka 1954 ikatoka filamu ya katuni ya hadithi hiyo hiyo, fedha zake zikitoka kwa siri CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Katika filamu hiyo mwisho ulibadilishwa. Orwell aliwaacha wanyama nje dirishani, wakitazama nguruwe na binadamu mezani, wakashindwa kutofautisha nani ni nani. Msomaji anabaki na swali lenye kumchoma. Filamu ikawafanya wanyama wainuke na kuwapindua nguruwe. Swali likafutwa, ikawekwa amri. Ndivyo kitabu kinavyoweza kuuawa na picha huku jalada lake linang'aa.

Basi kwetu tuchore nini?

Ng'ambo ya maji pale, Ukerewe, alikuwapo Aniceti Kitereza. Alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakupata mchapishaji. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili akiwa mzee, na Tanzania Publishing House ikaitoa juzuu mbili mwaka 1980, ikichapwa China. Mwaka uliofuata Kitereza alifariki, kabla nakala hazijamfikia mkononi. Miaka 35 alisubiri kitabu chake, na hakukiona.

Kisa chake ni cha mke na mume wanaopendana lakini hawajajaliwa mtoto. Ndugu wa mume wanamtukana mke, wakwe wanamchukua binti yao, na mume inabidi aende kumgomboa kwa pombe ya ndizi. Ndani ya kisa hicho kuna swali ambalo linaumiza watu mpaka leo katika nyumba za Kahama na Geita: ndoa bila mtoto ni ndoa? Mtu anathaminiwa kwa alivyo, au kwa anachozaa? Kitereza hakutoa hotuba. Alieleza tu, kwa utulivu, watu wanavyolima, wanavyokamua pombe, wanavyopokea wageni, na maisha ya wale wawili yakajibu pole pole. Kitabu kinene cha juzuu mbili hakiwezi kufika kwenye karasha. Lakini ukamuaji wa pombe ile, hatua kwa hatua, jinsi Kitereza alivyoueleza, unamlilia mchoraji. Kurasa kumi za mikono, majani, mtumbwi wa kukamulia, jasho la mtu anayemtaka mkewe arudi, bila neno hata moja juu ya picha. Msomaji angeelewa mapenzi yale kuliko kwa maneno mengi.

Mtoto mwingine wa Ukerewe, Euphrase Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020, alituachia Nagona na Mzingile, riwaya fupi mbili ambazo wanafunzi wa vyuo huziogopa. Ni kama ndoto: mtu anasafiri anatafuta maana, njia zinajipinda, aliyekufa anazungumza. Nasema kwa moyo wote kwamba vitabu hivyo viwili vingepata wasomaji wapya kabisa mikononi mwa mchoraji mzuri, kwa sababu ndoto huonekana kwanza kabla ya kuelezwa. Ila mchoraji huyo awe amesoma, amerudia, na amekubali kwamba kuna mahali hakuelewa. Asikimbilie kulinyoosha lililoandikwa limejipinda.

Hata hivyo, kama ningepewa fedha za kitabu kimoja tu, nisingeanza na Kitereza wala Kezilahabi. Ningeanza na Shing'weng'we.

Mnamjua. Dubwana lililomeza watu wote na mifugo yote, nchi ikabaki tupu. Akanusurika mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha kwenye makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa. Mtoto akakua, akauliza: mama, watu wako wapi? Akaambiwa wamemezwa na Shing'weng'we. Akatoka kumtafuta. Siku ya kwanza akaua panzi, akamletea mama: ndiye huyu? Mama akamwambia, hapana, huyo ni panzi. Akaja na ndege. Hapana. Akaja na swala. Hapana. Mpaka siku akamkuta mwenyewe, akamuua, akampasua tumbo, na watu wote wakatoka wakiwa hai.

Mapadri wa Maryknoll waliofanya kazi Tanzania, Donald Sybertz na Joseph Healey, pamoja na wazee waliowasaidia kukusanya hekima ya Kisukuma, waliiona hazina hii, wakaitumia katika kitabu chao cha 1996 kumweleza Kristo aliyeshinda mauti. Haki yao, na walifanya kazi kubwa ya kuhifadhi. Mimi leo naitazama kama kisa cha kufikiri.

Angalieni muundo wake. Panzi, ndege, swala, kila mara swali lile lile, kila mara jibu lile lile. Kisa kimekuja kikiwa tayari kimekatwa viboksi. Mtoto huyu hajamwona adui yake hata siku moja. Anachojua ni jina tu. Inabidi ajifunze kwa kukosea, na kila akikosea anarudi kuuliza. Mama naye hamcheki wala hamkemei. Anamwambia ukweli: hicho ulichoua siyo chanzo cha balaa letu. Mchoraji mwenye akili angemfanya panzi ajae ukurasa mzima, miguu yake yenye miiba, macho yake makubwa, tuone alivyomtisha mtoto mdogo. Kisha ukurasa wa pili tumwone kwa macho ya mama, kijidudu kwenye kiganja.

Swali hilo la mtoto, ndiye huyu?, nalisikia nikikumbuka yaliyotukuta. Kati ya 2007 na 2009 ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa katika kanda hii kwa uongo kwamba viungo vya mwili wao vinaleta dhahabu na samaki. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto mmoja wa kiume mwenye ualbino, na hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya kesi za namna hiyo nchini. Na tangu zamani, kabla ya hapo na baada ya hapo, tumewaua bikizee wetu kwa panga kwa sababu macho yao ni mekundu, wakati kila mtu anajua wamepikia moshi maisha yao yote. Duara haitoi dhahabu, ng'ombe wamekufa, mtoto anaumwa, na badala ya kuuliza na kurudi kuuliza tena, mtu anaonyeshwa jirani na kuambiwa: ndiye huyu. Hakuna mama wa kumwambia hapana.

Na kisa cha Masala Kulangwa hakiishii kwenye shangwe. Alipolipasua lile tumbo, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Watu wote wakashangilia. Bibi yule akakasirika.

Nimelisikia jambo hili likisimuliwa kwa haraka, kama kichekesho cha mwishoni, na wasimulizi wengine wanamfanya bibi kuwa mchawi anayetaka kulipiza kisasi kwa mwokozi wa nchi, mpaka inabidi Masala Kulangwa atafute dawa na kuliponya sikio. Mimi nasema hapo ndipo kisa kilipofika kwenye ugumu wake. Watu wote wameokolewa, mmoja ameumizwa na huyo huyo mwokozi. Ana haki ya kukasirika? Aliyekombolewa anaruhusiwa kulalamika? Shangwe ya wengi inafuta jeraha la mmoja? Mji mzima wa wachimbaji unaweza kukesha kwenye maswali hayo, kwa sababu kila mgodi unaofunguliwa una watu walioshangilia ajira, na una mwenye shamba aliyehamishwa.

Sasa mwekeni mchoraji mbele ya karatasi. Anafika kwenye ukurasa wa bibi. Atamchoraje? Akimpa macho mekundu, meno mawili na kivuli kirefu ukutani, basi ametoa hukumu, na kitabu chake kitaingia kwenye vijiji ambavyo hukumu hiyo inaua. Akimpa uso wa bibi yetu yeyote, mkono umeshika sikio, damu inapita kati ya vidole, na anamtazama moja kwa moja yule kijana shujaa, basi msomaji atasimama hapo. Ukurasa ule mmoja ndio utakaoonyesha kama kitabu kinafikiri au kinasimulia tu. Manung'uniko ya walimu wa Marekani niliyowatajia mwanzoni yalihusu kurasa za namna hii, ambazo mchoraji mvivu huziruka ili awahi kwenye mapigano.

Fedha zitoke wapi? Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, kampuni ya madini inatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Tumejenga madarasa, zahanati, tumenunua madawati, na vyote vilihitajika. Naomba madiwani wa Geita, wa Msalala, wa Kahama na wa Kishapu mnaonisikiliza, katika orodha ijayo wekeni mstari mmoja wa vitabu. Vichapwe kwa karatasi ngumu inayovumilia vumbi na mikono mingi, vipelekwe maktaba na shuleni, na vingine viuzwe bei ya soda kwenye minada ya Katoro na Kakola. Wachoraji tunao; nendeni mkawatazame vijana wanaochora mabango ya saluni na vioo vya bajaji. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa nao na hadithi, na mhariri wa kuwaambia rudia.

Na kuna kazi ambayo haihitaji diwani wala mgodi, naomba tuianze wiki hii. Kisa cha Shing'weng'we kina matawi mengi. Kwa Wasukuma wa Shinyanga kinasimuliwa hivi, kuelekea Geita vile, kwa jirani zetu Wasumbwa huenda vingine kabisa. Kaeni na bibi na babu zenu, muwaulize swali moja: yule bikizee aliyekatwa sikio, baadaye ilikuwaje? Alisamehe? Aliponywa na nani? Alifukuzwa? Andikeni wanavyosema, hata kama jibu la bibi linapingana na la babu, mtutumie hapa studio pamoja na jina la kijiji. Tutazisoma simulizi hizo hewani zote, na atakayekuja kumchora bikizee atazikuta.